Injini iliyohukumiwa kwa namba za pwani: kisa cha Impreza ya 2001

Mwalimu alikuja gereji Jumamosi asubuhi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na namba za kompresheni, yaani presha ya hewa inayofinywa ndani ya kila silinda, kwa paundi kwa inchi mraba, zilizoandikwa kwa biki: 112, 110, 114, 88. Chini yake fundi mwingine alikuwa ameandika, "Injini imekufa. Tafuta nyingine." Mwalimu akaniambia, "Fundi, leo sijaleta gari. Nimeleta karatasi hii kwanza. Nisomee."

Nimesoma karatasi za aina hiyo nyingi hapa Nakuru, na nyingine zimenikera hadi leo. Nimeona injini nzima zikiuzwa kama chuma chakavu kwa sababu ya namba ambazo hazikueleweka. Nimeona pia injini mbovu zikitolewa na nyingine kuwekwa bila mtu kuuliza ile ya kwanza iliuawa na nini. Kisa cha mwalimu kilikuwa na hatari zote mbili kwa pamoja, ndiyo maana nakisimulia kwa urefu.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2001, lile lenye taa za mviringo mbele, gia tano za mkono. Injini yake mafundi wanaiita EJ205: ujazo wa sentimita za mchemraba 1,994, pistoni za milimita 92, tabo moja (feni inayoisukumia injini hewa zaidi), nguvu za farasi 250 ilipotoka kiwandani Japani. Silinda zake zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, na mabomba yake ya moshi hayalingani urefu. Hayo mabomba ndiyo yanayoipa ule mngurumo wa kudundadunda ambao mtoto wa Nakuru anautambua akiwa kitandani.

Mapenzi yetu kwa Impreza hayakuanza jana. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza Safari Rally, mbio za magari za Kenya, akiwa wa nne kwa Impreza. Mwaka 1997 Colin McRae akaishinda kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akaishinda tena. Tangu Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, magari yanapita Naivasha, Elmenteita na Soysambu, humuhumu kaunti yetu. Mtu asiyejua hayo atamwona mwalimu wa sekondari kutoka Njoro akihangaikia gari la zaidi ya miaka 20 na kudhani ana wazimu.

Malalamiko yake yalikuwa matatu. Gari lilikuwa likila oili, lita moja kwa kila kilomita 700 hivi. Lilitoa moshi wa buluu likikanyagwa kwa nguvu. Na kwenye mlima wa Salgaa kuelekea Mau Summit lilikuwa limechoka. Alilazimika kurudisha gia ya tatu mahali alipozoea kupanda kwa gia ya nne. Saa ya maili ilisoma kilomita 214,000. Fundi wa kwanza alipima kompresheni, akalinganisha na namba aliyokuwa nayo kichwani, 140, akaona zote nne ziko chini, akatoa hukumu. Siku hiyohiyo mtu wa spea akampigia mwalimu simu: injini ya Japani ipo, shilingi 185,000, na wiki mbili za majaribio.

Simlaumu sana yule fundi. Namba 140 si ya uongo, ila ni ya mahali pengine.

Geji ya kompresheni inapima hewa iliyofinywa na pistoni, na pistoni haiwezi kufinya hewa isiyokuwepo. Kando ya bahari, Mombasa, presha ya hewa ni kama kilopaskali 101. Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na presha huku ni kama kilopaskali 81, yaani sehemu nne kwa tano ya ile ya pwani. Injini ileile, yenye afya ileile, ikisoma paundi 140 Mombasa itasoma karibu 122 Kisumu, mji ulio mita 1,130 hivi, na karibu 112 hapa kwetu. Tabo haisaidii lolote katika kipimo hiki, kwa sababu stata inapozungusha injini tabo imelala. Vitabu vingi vya mafundi vimeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari, na wengi wetu tulifundishwa namba bila kufundishwa hewa.

Sasa isome upya karatasi ya mwalimu. 112, 110, 114: silinda tatu ziko mahali pake kwa mji huu. Zinalingana, na kulingana kuna uzito kuliko ukubwa wa namba. Ile 88 ndiyo yenye ugonjwa. Hukumu iliyofaa kuandikwa pale chini ilikuwa, "Silinda ya nne ina tatizo, tafuta ni lipi."

Nikamwambia alete gari.

Nilipima tena mwenyewe, injini ikiwa moto, betri imejaa chaji, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi chini ili hewa iingie bila kizuizi. Nilipata 116, 114, 117 na 90. Namba zangu zilikuwa juu kidogo kuliko za kwanza, lakini picha ilikuwa ileile, na hilo linaonyesha kwamba mwenzangu alipima kwa uangalifu.

Hatua ambayo wengi huifuata hapo ni kumwaga oili kidogo ndani ya silinda kupitia tundu la plagi na kupima tena. Namba ikipanda, ringi, zile pete za chuma zinazoziba kando ya pistoni, zimeisha. Isipopanda, shida ni vali. Kwa injini iliyosimama wima ni kipimo kizuri. Kwa Subaru mimi sikiamini. Silinda imelala, hivyo oili inatuama upande wa chini na kuacha upande wa juu wa pistoni mkavu, na jibu linaweza kukupotosha. Niliifanya kwa sababu haigharimu kitu, ikapanda hadi 101, nikaandika na kuendelea.

Kipimo ninachokiamini ni cha kusukuma hewa. Unaipandisha pistoni hadi juu kabisa vali zikiwa zimefunga, unaingiza hewa ya kompresa ya paundi 100 kupitia tundu la plagi, na geji ya pili inakuonyesha kiasi gani kimebaki. Kipimo hiki hakijali kama uko Mombasa au Molo, kwa sababu hewa umeileta wewe. Silinda tatu zilibaki na 88 hadi 91. Ya nne ikabaki na 62. Kisha unazima redio, unamwomba kila mtu anyamaze, na unasikiliza hewa inatorokea wapi. Ikitoka kwenye bomba la moshi, ni vali ya kutolea moshi. Ikirudi kwenye njia ya kuingizia hewa, ni vali ya kuingizia. Rejeta ikitoa mapovu, ni gasketi ya hedi, kile kifuniko cha silinda. Kwa mwalimu, sauti ilitoka kwenye mfuniko wa kujazia oili, nyembamba na ya kuendelea, kama chai inayoanza kuchemka. Hewa ilikuwa ikipita kando ya pistoni. Nilimwita asikilize mwenyewe, kwa sababu naona mwenye gari anapaswa kuusikia ugonjwa kwa masikio yake kabla ya kuambiwa bei.

Plagi ya nne ilikuwa na jambo lake. Kauri yake nyeupe ilikuwa na vijidoa vya kijivu vinavyong'aa, vidogo kama chembe za chumvi. Hizo ni chembe za alumini, na alumini ndani ya silinda hutoka kwenye pistoni. Petroli ilikuwa ikilipuka ovyo badala ya kuwaka kwa mpangilio, na kila mlipuko ulikuwa nyundo juu ya pistoni.

Basi swali langu likabadilika. Nini kilikuwa kikiipiga pistoni nyundo?

Ilinichukua karibu saa nzima na tochi. Nyuma, chini ya ile rejeta ndogo ya hewa inayokaa juu ya injini za Subaru, nilikuta vali ndogo ya shaba imefungwa katikati ya bomba la mpira linaloiambia tabo wakati wa kutosheka. Ukiikaza, tabo inasukuma zaidi ya kipimo cha kiwanda. Mwalimu hakuijua kabisa. Gari alilinunua mwaka 2017 kwa kijana wa Eldoret, likiwa tayari lina kile kifaa. Ongezea hapo kwamba WRX ya Japani ilipangwa kwa petroli ya Japani yenye oktani (uwezo wa kufinywa bila kulipuka ovyo) 100 hivi, na super tunayojaza sisi haifiki hapo. Ongezea kwamba huku juu, kwenye hewa nyepesi, tabo tayari inazunguka kwa kasi zaidi ili kutoa kazi ileile, na hewa inayotoka inakuwa moto zaidi. Joto, presha ya ziada na petroli ya oktani ndogo: hayo matatu yakikutana, kinachovunjika kwanza kwenye injini hizi mara nyingi ni ule ukingo mwembamba wa pistoni kati ya ringi ya kwanza na ya pili, na mara nyingi ni kwenye silinda ya nne.

Nakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo kisa chote kilipo. Kama mwalimu angelipa zile 185,000 na kufunga injini ya Japani, ile vali ingebaki mahali pake. Injini ya pili ingevunjika pistoni kama ya kwanza, pengine ndani ya mwaka mmoja, na muda wa majaribio ungekuwa umeisha zamani. Angehesabu kwamba Subaru ni gari la balaa, na wengi wangekubaliana naye.

Nilimpa mwalimu njia nne, na tulizizungumza kwenye benchi nje ya gereji.

Ya kwanza ililetwa na shemeji yake, aliyekuwa amemsindikiza: aweke oili nzito, aongeze lita kila wiki, aendelee hadi itakapokufa. Oili nzito kweli hupunguza moshi. Lakini pistoni iliyovunjika ukingo haiponi, na kipande kikidondoka kinachora ukuta wa silinda. Baya zaidi, injini inayokula oili kwa kasi hiyo inasubiri siku moja tu mtu asahau kuchungulia. Oili ikishuka kwenye injini hii, beringi za kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ndizo zinazolipa, na kranki ikichubuka bei ya matengenezo inakuwa nyingine kabisa. Nilimwambia shemeji kwa heshima kwamba leo tunazungumzia pistoni, na kwa njia yake mwezi wa Agosti tungekuwa tunazungumzia injini nzima.

Ya pili, kuuza lilivyo. Mtu alikuwa ameahidi 280,000. Likiwa zima, gari kama hilo lingeweza kufika 550,000. Sikumshauri juu ya hili zaidi ya kumkumbusha jambo moja: Kenya haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Impreza za umri huo zilizopo nchini ndizo hizohizo. Ukiiacha iende, kupata nyingine ni kununua shida za mtu mwingine.

Ya tatu, injini ya Japani. Ina faida zake na sikuzificha. Ni haraka, siku tatu au nne za kazi. Hata injini ya Forester ya tabo ya miaka ileile inaweza kuingia, kwa kuwa baadhi yake zilitumia EJ205 hiyohiyo. Lakini unanunua historia usiyoijua, na hutaijua hadi umeshalipa. Na namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku, kwa hiyo lazima NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ijulishwe, gari likaguliwe na rekodi zibadilishwe. Wapo wanaoruka hatua hiyo, na siku ya kuuza wanajuta.

Ya nne, kufungua injini yake mwenyewe. Makadirio yangu yalikuwa 255,000: spea 160,000, kuchonga silinda 35,000, kazi yangu 60,000. Ni ghali kuliko injini ya Japani, na nilimwambia hivyo bila kuzunguka.

Kabla hajaamua, nilitaka kujua hali ya sehemu ya chini ya injini, yaani kranki na beringi zake. Huo ndio mzani halisi. Niliifunga geji ya mkono mahali pa presha ya oili: injini ikiwa moto na ikinguruma bila kukanyagwa ilishika paundi 16, na kwa mizunguko 3,000 ikapanda hadi 52. Nikamwaga oili, nikaikata filta kwa msumeno na kuikunjua karatasi yake juani. Palikuwa na chembechembe chache za alumini kutoka kwenye pistoni. Hapakuwa na rangi ya shaba, ile inayoonekana beringi zinapoanza kulika. Laiti ningeiona shaba, ningemwambia achukue injini ya Japani na tuiondoe ile vali kabla ya kuifunga. Sikuiona. Ushauri wangu ukawa ni kufungua yake.

Mwalimu hakujibu siku hiyo. Alinyamaza wiki mbili, gari limeegeshwa kwake Njoro, yeye akipanda matatu. Kisha akanipigia: "Fundi, nimeuza ng'ombe mmoja na chama kimenikopesha. Fungua."

Kuifungua EJ kunataka subira. Bloku yake ni nusu mbili zinazokumbana kwenye kranki, na huwezi kuzitenganisha kabla hujazitoa pini za pistoni kupitia matundu ya pembeni. Nilipoitoa pistoni ya nne nikampigia simu ya video. Ukingo kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umepasuka sehemu ya urefu wa kucha ya kidole gumba, na kipande bado kilikuwa kimenaswa na ringi. Ukuta wa silinda ulikuwa na mikwaruzo miwili ambayo ukucha uliishika. Beringi zilikuwa zimezeeka kwa haki, kijivu kilichofifia, na kranki ilikuwa ndani ya vipimo kila nilipoweka maikromita. Ilihitaji kung'arishwa tu.

Mikwaruzo ile iliamua jambo ambalo nilitumaini kuliepuka. Kuweka ringi mpya kwenye ukuta uliokwaruzika ni kutupa pesa. Tulichonga silinda zote nne robo milimita na kuagiza pistoni za saizi hiyo, zote nne, ili uzito wake ulingane. Bloku ya aina hii ni lazima ichongwe ikiwa imefungwa pamoja, na bamba zito likiwa limekazwa juu yake kama vile hedi ipo, la sivyo silinda inakuwa duara mezani na yai siku ya kukaza boliti. Niliipeleka karakana moja ya Nairobi wanaofanya hivyo, nikasimama hapo hadi walipomaliza.

Nilimwahidi wiki tatu. Zikawa saba, kwa sababu seti ya kwanza ya pistoni iliyofika haikuwa saizi niliyoagiza, nami nilikuwa nimeilipia kabla ya kuipima. Hilo ni kosa langu, na gharama ya kuirudisha niliibeba mwenyewe. Sasa sitoi hata senti kwa pistoni ambayo sijaiwekea maikromita. Bili ya mwisho ilikuwa 271,000, ikiwemo mkanda wa taimingi, pampu ya maji na sili za vali, vitu ambavyo ukiwa umefika pale ni upumbavu kuviacha.

Ile vali ya shaba sikuirudisha. Bomba jipya la mpira, presha ya kiwanda, plagi mpya. Nilimwambia mwalimu kwamba kilomita 1,000 za kwanza asiendeshe kwa mwendo mmoja. Ringi mpya hukaa vizuri mguu ukikanyaga na kuachia. Barabara ya Njoro kwenda Molo kupitia Elburgon inafaa sana, ina milima midogo na miteremko ya kutosha. Oili ya kwanza tuliimwaga baada ya kilomita 500, ya pili baada ya 1,500.

Baada ya hapo akaenda Kisumu kumwona dada yake, kupitia Mau Summit, Kericho na Ahero, akarudi kesho yake. Alichungulia oili kabla ya kuondoka na baada ya kurudi, gari likiwa limepoa na liko mahali tambarare kama nilivyomfundisha, maana kijiti cha Subaru kinadanganya likiwa moto. Alama ilikuwa ileile. Nilipima kompresheni tena wiki hiyo: 122, 121, 124, 122. Fundi mwenye namba 140 kichwani bado angeandika kwamba imekufa.

Limebaki jambo moja. Injini sasa imetulia kiasi kwamba tunasikia kitu ambacho moshi na kelele vilikuwa vimekificha: gia ya pili inakwaruza ikiingizwa haraka kabla oili ya gia haijapata joto. Magiaboksi ya WRX za gia tano yana udhaifu wake, na mwalimu ameniuliza kama tulifungue mara moja. Nimemwambia aingize polepole asubuhi, nimebadilisha oili ya gia, na tutalisikiliza tena kwenye likizo ya Disemba.